Tupeane uzoefu: safari ya kundi siku hizi inapangwaje mpaka watu wakaondoka kweli?

Mratibu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wale wanaobebeshwa kazi ya kupanga safari ya watu wengi: ukoo, waliosoma pamoja, wafanyakazi wenza, kikundi cha akiba, na siku hizi hata watu waliofahamiana mtandaoni tu wanaotaka kugawana gharama. Zile za "tulienda, tulifurahi" tuziweke kando. Leta hatua, leta hesabu, sema kinachoharibika na kwa nini.

Naanza. Thomas Cook alipowapandisha watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester kwenda Loughborough tarehe 5 Julai 1841, aliyepanga alikuwa mmoja na wengine walifuata. Utaratibu huo ulidumu zaidi ya karne: wakala anaandaa, kundi linalipa. Kampuni yenye jina lake ilikuja kuanguka Septemba 2019. Leo mpango unazaliwa ndani ya grupu la WhatsApp. Kila mtu ana sauti, kila mtu anatupia kiungo, na mwenye kauli ya mwisho hajulikani.

Tatizo la kwanza ni neno "nipo". Mtu akiandika "nipo" ameonyesha hamu, hajaahidi kitu. Ukikodi gari kwa kuhesabu waliosema "nipo", utalipia viti vitupu. Idadi inafungwa kwa arubuni.

Kwa kundi la watu 8 hadi 20, mpangilio unaobeba ni huu: siku 90 kabla, mahali na tarehe vinafungwa na kila mtu analipa asilimia 30, ambayo ndiyo inayoshika nyumba na usafiri. Siku 60 kabla, asilimia 40. Siku 30 kabla, iliyobaki. Atakayepitiliza tarehe anatoka kwenye hesabu bila ugomvi, kwa kuwa kanuni iliandikwa siku ya kwanza kabla hajajulikana nani atachelewa.

Kosa la pili ni kutangaza bei kwa idadi ya matumaini. Nyumba ya 1,200 (sarafu yoyote uitakayo) kwa watu 12 ni 100 kila mmoja. Watatu wakijitoa, tisa waliobaki wanadaiwa 133 na ushee, na lawama zote ni zako. Tangaza bei ya watu 9 tangu mwanzo. Wakitimia 12, kila mmoja anarudishiwa 33. Sijui kundi lililowahi kugombana kwa kurudishiwa hela.

Karibuni.

Karani

Mratibu umegusa penyewe. Niongeze kwenye kura.

WhatsApp ilileta kura ndani ya grupu mwishoni mwa 2022. Inaruhusu machaguo mpaka 12, na watu wanaharibu kwa kuyaweka yote 12. Kundi la watu 12 likipewa sehemu 12, mshindi anaweza kupatikana kwa kura tatu. Maana yake tisa wanakwenda wasikokutaka. Weka sehemu tatu, kila moja na bei yake ya kichwa pembeni. Bila bei watu wanapigia kura picha.

Halafu kuna kile kitufe cha kuruhusu majibu zaidi ya moja. Kwenye kura ya mahali kizime. Kwenye kura ya tarehe kiache wazi, kwa sababu hapo hutafuti kipenzi cha watu, unatafuta siku zinazowafaa wengi. Na usiulize "tarehe gani inawafaa?" Utapata majibu 12 yasiyokutana. Weka wikendi nne, kila mtu aweke alama zote anazoziweza.

Ujumbe unaoambatana na kura uwe mfupi na uwe na makali. Mfano:

"Kura inafungwa Alhamisi saa 3 usiku. Usipopiga, umekubali uamuzi wa wengi. Ukiona hutaweza, jitoe kabla ya Jumapili, hutadaiwa chochote. Baada ya Jumapili hatubadilishi mahali."

Sentensi ya pili ndiyo kazi yote. Bila hiyo, waliokaa kimya wanaibuka wiki mbili baadaye na "mimi sikuulizwa".

Ila kimya si ridhaa siku zote. Jerry Harvey, mwalimu wa masuala ya uongozi, mwaka 1974 alieleza familia ya Texas iliyoendesha gari maili 53 juani kwenda kula Abilene. Waliporudi ikabainika hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda. Kila mtu alidhani wenzake wanataka. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kura, kila mmoja amtumie mratibu faragha jambo moja tu asilolitaka kabisa (safari ya usiku, kulala chumba kimoja na watoto, kupanda mlima). Yanayojirudia yaondolewe kwenye machaguo bila kutaja nani alisema.

Na fungua grupu mbili. Moja ya soga, nyingine ambayo mratibu peke yake ndiye anayeandika. Zikichanganyika, saa ya kuondoka inazikwa chini ya vichekesho 200.

MwekaHazina

Mie nina la hela tu.

Programu za kugawana gharama, kama Splitwise iliyoanza 2011, zimebadilisha sana mambo, lakini wengi wanaogopa kuzitumia kwa kuwa hawaelewi zinafikaje kwenye majibu. Hesabu yenyewe hii hapa. Watu wanne: A amelipia nyumba 600, B gari 240, C chakula 120, D hajalipa kitu. Jumla 960, kila mmoja fungu lake 240. Ukifuata kila risiti, kuna madeni 9 ya kulipana huku na huko. Ukifuata mizania (alicholipa mtu kasoro fungu lake): A anadai 360, B yuko sawa, C anadaiwa 120, D anadaiwa 240. C na D wanamtumia A, basi. Malipo mawili badala ya tisa. Kundi la watu wowote halihitaji malipo zaidi ya idadi yao kasoro mmoja.

Vinavyoharibu:

Kuandika bei ya dukani badala ya kilichokatwa benki. Mkiwa nchi yenye sarafu nyingine, kuna kiwango cha kubadilisha na makato. Andika kilichotoka kwenye akaunti.

Kugawa kila kitu sawa. Asiyekwenda kwenye mashua asiingizwe kwenye gharama ya mashua. Ila msifikie kugawana soda kwa majina. Vitu vidogo vya kila siku viende kwenye kapu: kila mtu anatoa kiasi kile kile asubuhi ya kwanza, mmoja anashika, likiisha linajazwa.

Kuahirisha kuandika. Risiti ipigwe picha usiku huo huo. Siku ya tatu hakuna anayekumbuka nani alilipa mafuta.

MwenyeSwali

Mkuu MwekaHazina, na anayejitoa mwishoni, arubuni yake inarudi? Hapa ndipo undugu unapovunjika.

MwekaHazina

Inategemea hela yake imekwenda wapi. Tenganisha mafungu mawili tangu siku ya kwanza. Kuna gharama za pamoja, yaani nyumba, gari, dereva: hizo hazipungui mtu mmoja akitoka, kwa hiyo fungu lake halirudi mpaka alete mtu wa kuziba nafasi. Kuna gharama za kichwa, yaani kiingilio, chakula, bima: ambazo hazijalipwa kwa mtoa huduma anarudishiwa zote. Tiketi iliyokwisha kukatwa inafuata masharti ya tiketi. Andikeni hivyo kabla ya kupokea senti ya kwanza. Mgonjwa na mfiwa mnaweza kumsamehe, lakini hiyo iwe huruma ya kundi, isiwe kanuni.

TiketiMkononi

Upande wa ndege kuna mtego ambao wapangaji wengi hawaujui.

Ndege haiuzi viti vyake vyote kwa bei moja. Viti viko kwenye madaraja ya bei. Ukitafuta viti 6 kwa pamoja na daraja la chini limebakiwa na viti 4, mara nyingi mfumo haukupi manne ya rahisi na mawili ya ghali. Unawapandisha nyote sita kwenye bei ya juu. Tuseme daraja la chini ni 200 na linalofuata 260. Kwa pamoja mtalipa 1,560. Mkikata manne kwanza kisha mawili, mtalipa 1,320. Kwa hiyo tafuta kiti 1, kisha 2, kisha 3, uone bei inaruka wapi. Hapo ndipo pa kukata.

Lakini kugawanya kuna gharama yake. Mnakuwa na namba mbili za kukatia nafasi (booking), na ndege ikifutwa shirika linaweza kuwapanga kwenye safari tofauti. Mtoto asitengwe na mzazi kamwe, wala mzee na anayemsaidia. Wagawe kwa kaya.

Kukata mtandaoni kwa kawaida mwisho ni watu 9 kwa mara moja. Kuanzia 10, mashirika mengi yana dawati la makundi: mnalipa arubuni, majina mnaleta baadaye. Bei yake si lazima iwe ya chini kuliko ya mtandaoni. Faida ni kwamba wote mnapata bei moja na muda wa kukusanya majina.

Majina yachukuliwe kwenye picha ya ukurasa wa pasipoti, si kwa kuandikiwa. Mtu anaandika jina analoitwa nyumbani, tiketi inakataa. Picha hizo zitumwe kwa mtu mmoja, zisipandishwe kwenye grupu. Hapo hapo angalia tarehe ya mwisho: nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6, na kwa usalama ihesabiwe kuanzia siku ya kurudi. Mkielekea kwenye nchi inayodai chanjo ya homa ya manjano, cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote, hivyo mwenye cha zamani asichomwe tena kwa sababu ya tarehe tu.

FunguoZaNyumba

Makundi mengi sasa yanaona bora nyumba nzima kuliko vyumba vya hoteli. Sawa, lakini soma tangazo kwa jicho kali. "Inalala 12" mara nyingi inahesabu makochi ya sebuleni. Hesabu vitanda, kisha hesabu bafu. Watu 12, bafu 2, kila mmoja dakika 15: wa mwisho anatoka dakika 90 baada ya wa kwanza kuingia. Ratiba inayosema "tunaondoka saa 2 asubuhi" inamaanisha wa kwanza anaoga saa 12 na nusu, na hapo chai bado.

Vyumba vigawiwe kabla ya kufika. Mkiacha "tutajua huko huko", wa kwanza kuingia mlangoni anachukua chumba chenye bafu lake, na bifu limeanza. Chumba bora kiwe na bei ya juu kidogo. Watu wanajipanga wenyewe.

Kwa hoteli, ulizeni tarehe ya mwisho ya kuachia vyumba msivyovihitaji bila kulipia. Iandikwe kwenye mkataba, si kwenye simu.

Usukani

Gari la viti 14 halibebi watu 14 wenye mabegi. Viti vya nyuma ndiyo sehemu ya mizigo. Kwa safari ya kulala, hesabu watu 10, au kodi la viti zaidi.

Dereva si mashine. Umoja wa Ulaya, kwenye sheria yake ya 2006 ya muda wa madereva, unataka mapumziko ya dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za usukani, na kwa kawaida saa 9 za kuendesha kwa siku. Hata kama hamko huko, kitumieni kipimo hicho. Ratiba ya saa 14 kwa dereva mmoja ikatae.

Na vituo vinakula muda kuliko mnavyodhani. Watu 30, vyoo viwili, dakika 3 kila mmoja: dakika 45 zimekwisha. Basi unganisheni kituo hicho na mapumziko ya dereva, msisimame mara mbili.

Karani

Niseme na la akili mnemba, maana sasa mtu anaiomba ratiba ya siku tano na inamletea kwa sekunde. Kwa kuanzia inafaa sana, hasa ukiitajia idadi, umri na bajeti. Mara nyingi inakosea mahali pale pale: siku za kufungwa, saa za kufungua, na mwendo kati ya sehemu na sehemu. Inapanga kama vile msafiri ni mmoja, hana mtoto, hana begi. Kila mstari wenye saa uhakikishe kwa mwenye sehemu yenyewe, kisha ongeza theluthi ya muda. Vitu viwili vya uhakika kwa siku vinatosha. Vingine viwe vya hiari.

MwenyeSwali

Ahsanteni sana. La mwisho: mkishuka njiani, mnahakikishaje hakuna aliyeachwa? Kuita majina 30 ni kazi.

Usukani

Msiite majina. Kila mtu apewe namba siku ya kwanza, 1 hadi 30, na aijue ya kwake. Kabla ya gari kuwasha, wanahesabu wenyewe kwa sauti kwa mpangilio. Haifiki dakika moja. Mtoto na mzazi wapewe namba zinazofuatana. Sauti ikikatika baada ya 17, unajua ni wa 18, na namba yake ya simu iko kwenye orodha pembeni ya 18.