Oili kwenye mashimo ya plagi SIYO ringi! Mafundi acheni kutushushia injini kwa ajili ya sili nne za mpira

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na leo sina adabu ya kutosha. Mods naomba uzi huu ubaki hapa hapa kwenye magari, msiutupe kwenye vichekesho, maana kuna mtu muda huu yuko gereji anaambiwa auze kiwanja atengeneze injini ambayo haina tatizo lolote.

Gari ni Subaru Forester SG5, injini EJ20 isiyo na turbo, ile ambayo nyaya za plagi zinatoka kwenye koili moja iliyokaa juu katikati. Lilianza kumisi (silinda inakosa kuchoma mafuta) asubuhi likiwa la baridi, likipata moto linatulia kidogo. Baadaye likawa linamisi muda wote. Ukisimama kwenye foleni unasikia harufu ya oili inayoungua, na moshi mwembamba unatokea chini ya boneti upande mmoja. Taa ya injini ikawaka, na nikikanyaga mafuta kupanda mlima inapepesa. Mashine ikachomekwa, ikasoma P0302. Kwa wasiojua, hizo namba mbili za mwisho ndiyo silinda yenyewe: 02 ni silinda namba mbili.

Fundi akavuta waya wa plagi ya namba mbili. Ukatoka unachuruzika. Ule mpira mrefu wa mwisho wa waya ulikuwa umevimba na kulegea, ukiubonyeza kwa kidole unabaki na alama. Sehemu nyeupe ya plagi, ile ya juu, ilikuwa imezama kwenye oili nyeusi. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu kabisa, akaniambia: "Pole bosi wangu. Ringi zimekwisha hizi. Oili inapanda."

Ringi ni zile pete za chuma zinazozunguka pistoni. Sasa oili inapanda kwenda wapi? Hii injini imelala! Pistoni za Subaru zinakwenda kushoto na kulia, hakuna kinachopanda wala kushuka. Huyu mtu ana bango nje limeandikwa "Mtaalamu wa Subaru".

Sasa tuelewane hapa, kwa sababu ndipo hela zetu zinapoliwa. Plagi inakaa ndani ya shimo refu. Upande wa ndani, ile ncha inayotoa cheche iko kwenye chumba cha kuunguzia mafuta. Upande wa nje, kichwa cha plagi na mpira wa waya viko ndani ya shimo, na shimo hilo linapita katikati ya eneo la kemshafti (mhimili unaofungua vali), ambalo muda wote limejaa oili inayorushwa huku na kule. Kinachozuia oili isiingie kwenye shimo ni sili ya mpira ya mviringo, iliyokaa kati ya kava ya tapeti na hedi, yaani kichwa cha injini. Kila plagi ina ya kwake. Silinda nne, sili nne. Mpira huo ukikauka, oili inajipenyeza kidogo kidogo na kujaa shimoni. Haina uhusiano wowote na ringi.

Ringi zikiisha oili inaingia kwenye chumba cha kuunguzia. Utaiona kwenye NCHA ya plagi: imelowa, au imeganda masizi meusi yanayong'aa. Utaona moshi wa bluu kwenye eksozi na oili inapungua kwenye dipstiki bila kuonekana inakovujia. Ya kwangu ncha ilikuwa kavu, ya rangi ya kahawia hafifu kama inavyotakiwa. Nyuzi zimelowa kwa juu, ncha kavu. Kijana wa mwaka wa kwanza wa ufundi anatakiwa aone hilo kabla hajafungua mdomo kutaja ringi.

Na kama una shaka, kuna kipimo cha kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda. Unatoa plagi, unafunga geji kwenye tundu, unapiga starta, unasoma, unahamia silinda nyingine. Ni kazi ya muda mfupi. Nilipoomba kipimwe niliambiwa "geji imeazimwa". Gereji ya kushusha injini za watu haina geji ya kompresheni!

Kabla ya kufika kwenye ringi nilikuwa nimeshapigwa kwa awamu. Kwanza niliuziwa plagi nne na seti ya nyaya. Gari likatulia vizuri, fundi akasifiwa, baada ya muda likarudi kule kule. Lazima lirudi, maana oili bado inaingia shimoni na kuulowesha mpira mpya. Mpira ukilowa oili unavimba na kupoteza uwezo wa kuzuia umeme, cheche inatafuta njia fupi ya kwenda bodi badala ya kuruka kwenye ncha. Kwa hiyo plagi mpya juu ya sili iliyokufa ni hela ya kuchezea tu. Tena zile plagi zenyewe, boksi lina maandishi ya Kijapani lakini herufi zilizochapwa kwenye ile sehemu nyeupe zilifutika kwa kitambaa chenye petroli. Mnaouza hizo huko mjini, bidhaa bandia ni kazi ya FCC (Tume ya Ushindani), ipo siku mtafikiwa.

Awamu ya pili ikawa silikoni. Hii ndiyo inaniuma kuliko zote. Kava ilifunguliwa, sili za zamani zikarudishwa vile vile, halafu ikapakwa silikoni nyekundu kuzunguka kote, nene, inafura pembeni. "Hii haivuji tena mkuu, hii ni dawa." Niliposhuhudia kava ikifunguliwa baadaye na fundi mwingine, ile silikoni ilikuwa imefura kwa ndani pia. Vipande vilikuwa vinaning'inia juu ya kemshafti, vingine vimeshakatika. Vinakwenda wapi vikikatika? Vinateremka na oili hadi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), vinakwama kwenye chujio la mdomo wa pampu. Pampu ikikosa oili, beringi za kreki zinasagika na injini inaanza kugonga. Yaani mtu anakutengenezea leo ugonjwa atakaokuuzia tiba yake mwakani. Gasketi ya mpira inakaa kavu, kwenye sehemu safi. Hata kwenye injini ambazo kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu silikoni, ni tone kwenye kona chache tu, si kupiga lipu.

Halafu kukaza! Bolti za kava ya tapeti za injini hii zinakazwa kwa takriban Nm 5 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono na spana fupi, basi. Plagi yenyewe ni kama Nm 21. Jamaa alikuwa anakaza bolti za kava kwa kuegemea, mpaka mshipa wa shingo unaonekana. Hedi ni ya aluminiamu, nyuzi zinang'oka. Chini ya vichwa vya bolti kuna vipira vidogo navyo, vikikauka vinavujisha, na hakuna aliyevigusa wala kunitajia kwamba vipo.

Mwisho ndiyo nikapewa hesabu ya kushusha injini: ringi, beringi, gasketi seti, kuchonga hedi, ufundi. Zaidi ya milioni mbili. Nilipouliza mbona plagi ina ncha kavu, nikajibiwa, "Bosi, wewe unasoma sana mitandaoni." Ndiyo, nasoma! Ningekuwa sisomi saa hizi injini yangu iko kwenye beseni!

Aliyeimaliza ni mzee mmoja ana gereji ya mabati, hana bango. Nilimwita "fundi", yeye akaniita "mwanangu", akaniuliza maswali mengi kabla hajashika spana. Alitoa geji akapima silinda zote nne, zikasoma karibu sawa. Akasema, "Injini nzima hii, tufungue kava." Alisubiri ipoe. Na hata kabla ya kile kipimo, kabla hajagusa plagi yoyote, alinyonya oili kwenye mashimo kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, akafuta kwa kitambaa, akapuliza upepo wa kompresa. Muhimu sana hiyo, kwa sababu ukifungua plagi shimo likiwa limejaa, oili na mchanga vyote vinamiminikia ndani ya silinda. Akatoa betri upande mmoja na boksi la chujio la hewa upande wa pili ili mkono upite. Injini haikushushwa. Wanaosema kava za Subaru hazifunguki mpaka injini itoke, wanatafuta hela ya kreni.

Akanipa sili ya zamani niishike. Sili ya mpira inatakiwa ikunjike. Hii niliikunja kidogo tu ikakatika vipande viwili, ndani imekuwa ngumu na nyeusi inayong'aa. SG5 ya mwisho ilitoka kiwandani 2007, wakuu. Mpira una umri wa gari. TRA wanakutoza kodi ya uchakavu bandarini, lakini ukifika gereji hakuna anayeuona huo uchakavu, kila mtu anaona ringi.

Tukabadilisha gasketi mbili za kava, sili nne za plagi, vipira vya bolti vyote, plagi na nyaya. Akatazama na vali ya PCV, ile ya kutoa mvuke wa ndani ya injini, akaitikisa sikioni: kimya. Ikiwa nzima inatakiwa ilie, maana ndani kuna kipande kinachocheza. Ikiziba, presha inajaa ndani ya injini na oili inatafuta pa kutokea, inasukuma sili yoyote iliyo dhaifu. Kwa hiyo unaweza kuweka sili mpya kabisa na zikaanza kuvuja mapema kwa sababu ya kivali hicho ambacho wengi hawakijui hata kilipo. Tukaweka nyingine. Gari likatoa moshi kidogo siku ile, ni oili iliyokuwa imemwagikia eksozi inaungua, likanyamaza. Halimisi. Gharama yote, spea na ufundi, haikukaribia hata robo ya ile hesabu ya kushusha injini.

Sasa ninyi wauza spea nanyi mnisikilize. Kuna seti zinauzwa zimeandikwa gasketi za kava, unafungua boksi unakuta gasketi mbili peke yake, sili za plagi hamna. Ukiuliza unaambiwa "hizo huwa haziharibiki". Zinazoharibika ni zipi basi? Mnunuzi asiyejua anafunga gasketi mpya na sili mbovu, anarudi kulalamika kwa fundi, fundi anasema ringi. Mnashirikiana bila hata kukutana. Kabla hujalipa, mimina kila kitu mezani uhesabu: gasketi mbili, sili nne, vipira vya bolti. Kikikosekana kimoja, ondoka.

Kingine: ukiona taa ya injini inapepesa, usiendelee kuendesha wiki nzima ukingoja mshahara. Gari likimisi, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega (kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi), masega yanapata moto kupita kiasi na kuyeyuka. Na oili inayodondokea eksozi ya moto ni hatari ya moto wenyewe, siyo harufu tu.

NYONGEZA: naona comments zimekuwa nyingi, nijibu chache.

Mkuu uliyesema niweke oili nzito ya 20W-50 itaacha kuvuja: hapana. Sili iliyokatika haizibwi na uzito wa oili. Itavuja polepole zaidi, na asubuhi injini itachelewa kupata oili kule juu.

Dada mwenye gari la Nissan la V6, VQ35: pole, ya kwako ni kweli kwenye nyingi sili za plagi zimeungwa na kava yenyewe, kiwandani hawaziuzi peke yake, wanauza kava nzima. Fundi wako hajakudanganya kwa hilo. Kuna watu wanauza sili za pembeni za kupachika, lakini mimi sijazitumia, siwezi kukushauri.

Fundi uliyeandika kwamba wateja tunapenda bei rahisi ndiyo maana mnapaka silikoni: mimi sikuwahi kuambiwa kuna sili. Ungeniambia "mkuu kuna sili nne, bei yake hii, au nipake silikoni", ningechagua mwenyewe. Hukunipa cha kuchagua, ulinipa silikoni kwa bei ya sili.

Na wanaoniuliza inbox jina la gereji ya kwanza, sitaji, sitaki kesi. Nimeshamtumia yule jamaa picha ya kava ikiwa wazi na ile silikoni yake inaning'inia, pamoja na picha ya geji. Tiki zimekuwa za bluu. Hela ya plagi feki bado naidai.