Mdogo wangu ameitwa meli ya uvuvi Mombasa, nimwache aende?

Dada wa Umoja: Habari zenu wadau. Kitinda mimba wetu amepata kazi kwenye meli ya kuvua jodari, na wakala anamharakisha atie sahihi wiki hii. Mimi bahari naiona kwenye runinga tu, lakini nawakumbuka wale mabaharia wa meli ya uvuvi Naham 3 waliotua hapa uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, Oktoba 2016, baada ya zaidi ya miaka minne mikononi mwa maharamia wa Kisomali. Mama hali, halali. Mambo hayo bado yapo?

Mzee wa Likoni, sasa South B: Yapo, dada, ingawa si kama 2010, Golden Wave ilipotekwa karibu na Lamu ikiwa na watu 43, 39 kati yao Wakenya. Novemba 2024 ilitekwa ya Wachina huko Puntland, Somalia, ikaachiwa Januari 2025.

Nimezifanyia kazi meli hizi. Kinachoziponza ni ubavu mfupi. Samaki lazima avutwe ndani, kwa hiyo pale pa kuvutia unaweza kuinama ukanawa mikono baharini. Kwenye meli ya makontena haramia hapandi bila ngazi. Huku anaruka tu. Tena mkiwa mnavuta kamba za ndoano meli inajikokota, na nani atathubutu kukata kamba ya tajiri?

Shida kubwa ni baadaye. Fidia wanayodai maharamia ikizidi bei ya meli, tajiri anaweza kuzima simu. Naham 3 ilizama watu wake wakiwa bado mateka, wakafika kula panya. Walitekwa 29, wakarudi 26.

Abdi wa Eastleigh: Mzee, sema yote, na chanzo cha uharamia pia. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, meli za kigeni zilijivulia kule bila kumwomba mtu ruhusa.

Mzee wa Likoni: Kweli kabisa. Lakini kuli wa Kikambodia aliyekuwa Naham 3 ana kosa gani?

Dada wa Umoja: Basi nimuulize wakala nini?

Mzee wa Likoni: Kwanza leseni yake ya KMA, mamlaka ya usafiri wa majini Kenya. Halafu mkataba: mwenye meli ni nani, bendera ya wapi, bima ipo? Na kijana akitekwa, mshahara utaendelea kulipwa, na atapokea nani? Jina la mama liandikwe.

Dada wa Umoja: Nimempigia kijana. Bendera imeandikwa, ila kwenye jina la mwenye meli pako wazi. Wakala anasema watajaza wakishafika bandarini.

Mzee wa Likoni: Asitie sahihi.