Barua taka na ankara za uongo kwenye ofisi ya utalii: naanzia wapi?

mzawa_marangu (Moshi)
Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ya kupandisha wageni mlimani inatumia Gmail moja, na anwani iko wazi kwenye tovuti. Kwa siku zinaingia barua kama 60 za watu wanaouza matangazo, na katikati zinajificha zile hatari: "mgeni" anayetaka kulipa zaidi ya bei, na ankara za wakala zenye akaunti mpya ya benki. Nikibofya kujiondoa kwenye kila moja, nitasaidika?

fundi_njiro (Arusha)
Si kila moja, mkuu. Kampuni uliyojiandikisha mwenyewe, jiondoe bila wasiwasi. Kanuni za Google za 2024 zinawataka wanaotuma barua za matangazo zaidi ya 5,000 kwa siku waweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Usiyemjua, usimbofyee kitu, maana utakuwa umemthibitishia kuwa anwani hiyo inasomwa. Huyo mripoti kama taka ili kichujio kijifunze. Kuifuta tu hakukifundishi chochote. Folda ya taka nayo uipitie mara kwa mara: Gmail hufuta vilivyomo baada ya siku 30, na ombi la mgeni wa kweli huweza kuangukia humo.

Kwenye tovuti toa anwani, weka fomu. Kuna programu zinazozunguka kurasa zikiokota kila chenye alama ya @. Na ukijiandikisha mahali papya, andika jina la anwani yako, kisha +hoteli au +duka kabla ya @. Barua itafika vilevile, na siku matangazo yakianza kuja kwa anwani hiyo utajua imevuja wapi.

mhasibu_soweto (Moshi)
Taka zinachosha, ila ankara ndiyo inayofilisi. Mwizi huingia kwenye barua pepe ya mmoja wenu, akasoma mazungumzo kimya kimya, halafu malipo yakikaribia anaandika "akaunti yetu imebadilika". Nembo, kiasi, hata namna ya kusalimiana, vyote viko sawa. Wengine hukagua SPF na DKIM, yaani vipimo vya kiufundi vya kuhakiki barua imetoka wapi, wakiona PASS (imefaulu) wanalipa. Hilo ni kosa! PASS inathibitisha tu domeni iliyotuma, yaani jina linalofuata @, na tapeli aliyenunua domeni inayotofautiana na ya wakala kwa herufi moja anaipata pia. Mpigieni wakala kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, kamwe si iliyo ndani ya barua hiyo.

Huyo "mgeni" naye kadi yake huwa ya wizi. Atasema ukate hela ya watu 8 wa njia ya Machame pamoja na chenji ya "msafirishaji" wake, kisha umtumie msafirishaji hiyo chenji. Mwenye kadi akilalamika, hata miezi baadaye, benki inazikata kwako na kumrudishia zote, na ulichotuma hakirudi. Asiyetaka kulipa kiasi kamili bila nyongeza, achaneni na oda yake.

mzawa_marangu
Asanteni sana. Nikihisi mtu ameshaingia, kubadili nenosiri kunatosha?

fundi_njiro
Hakutoshi. Kagua vichujio na sehemu ya kuelekeza barua kwingine. Wezi huweka kichujio kinachoficha majibu yote yenye neno "malipo", nacho kinabaki hata nenosiri likibadilika. Toa vifaa usivyovitambua. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu, si SMS, kwa sababu tapeli akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini yake, namba za uthibitisho zinamfikia yeye. Gmail itakupa namba 10 za akiba za kuingilia. Zichapishe, zifungie kabatini. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Pesa ikiwa imeshatoka, benki saa hiyohiyo waombe kuizuia, kisha polisi uchukue RB (namba ya taarifa uliyoripoti). SMS za kitapeli zipeleke 15040. Barua yenyewe usiifute: picha ya skrini haibebi taarifa za seva iliyoituma, na hizo ndizo mpelelezi atakazozihitaji.