Boti za kasi zinatupiga mawimbi kati ya Raskazone na Toten, tuongee nao vipi?

Mshipi_Sahare: Salaam wakuu. Sisi wavuvi wa mshipi hapa Tanga tunatia nanga ngalawa zetu mbele ya Raskazone, njia ya kwenda kisiwa cha Toten. Sikukuu na wikiendi boti za kupeleka watu kuogelea zinapita karibu mno. Baadhi ya manahodha ni waungwana, wakituona wanapunguza, lakini hapo ndipo wimbi linazidi! Linatupiga ubavuni, maji yanaingia chomboni. Ugomvi hatuutaki, wengine ni ndugu zetu kabisa. Tuwaambie nini?

Nahodha_Mstaafu: Waalaykum salaam mwanangu. Anayepunguza nusu ndiye anayekuumiza. Boti ya fiber ikikimbia hupanda juu ya maji, wimbi lake huwa la wastani. Ikitambaa, wimbi hakuna. Kasi ya katikati, omo (mbele ya chombo) imeinuka na tezi (nyuma yake) imezama, ndiyo inayochimba bahari. Waambie wapunguze mapema, wakiwa bado mbali, mpaka omo ishuke na boti ikae sawa, ndipo wapite. Wasikate mafuta ghafla, wimbi lao wenyewe litawaingilia kwa nyuma. Na abiria wasirundikane wote tezini.

Bint_Pangani: Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 zinamtaka kila nahodha aende kwa kasi salama, akiangalia wingi wa vyombo. Chombo cha injini kinampisha mwenye tanga. Ila kaka, kanuni hizo hizo zinataka vyombo viepuke kutia nanga kwenye mlango mwembamba. Njia ya meli za bandarini iacheni wazi, la sivyo mtakuwa mnawadai wenzenu haki huku nanyi mmeziba.

Kijana_wa_Dipsi: Pitieni BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani, mkubaliane na wenye boti mstari wa kupita, muweke maboya. Mkishaafikiana wapelekeeni TASAC, wao ndio wanaosimamia usalama wa vyombo.

Mshipi_Sahare: Ahsanteni sana. Shikamoo mzee Nahodha, na wimbi likishakuja je?

Nahodha_Mstaafu: Marahaba. Nanga ifungwe omoni, kamwe isiwe ubavuni. Ukiliona linakuja, legeza kamba, piga kasia uelekeze omo kwenye wimbi, mshazari kidogo. Wote mkae chini, asisimame mtu kuwapigia kelele wenye boti. Halafu kaeni tayari, halipiti moja, yanafuatana.

Mshipi_Sahare: Nimeelewa mzee. Ijumaa baada ya swala tutawaita manahodha wao tuanze na hilo la kupunguza mapema.