Binti yangu wa miaka 14 ameingizwa JROTC, mafunzo ya kadeti wa jeshi, skuli Marekani. Nimwache au nimtoe?

MamaLangoni (Lamu)
Assalaam alaykum jamaa zangu. Naomba ushauri, na naomba nisijibiwe kwa haraka, maana leo siku ya nne usingizi sina.

Binti yangu ana miaka 14. Mwaka jana alikwenda Houston na babake kwa grinikadi, mimi nikabaki hapa Langoni kumuuguza mama yangu. Jumanne kanipigia simu ya video. Nikamwona kasimama mbele ya kioo, shati la kijivu limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, kifuani kibao chenye jina la babu yake. Mkononi ana rula. Anapima umbali wa beji na mfuko wa shati, akikosea kidogo anaibandua anaanza upya. Nikamuuliza, "Mwanangu, sare ya nini hiyo?" Akanambia, "Ya jeshi mama, ya JROTC. Kesho tunakaguliwa."

Hilo neno jeshi lilinikata maini. Wa hapa mnanielewa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 tulifungiwa ndani na amri ya kutotoka usiku, wavuvi wetu wakakatazwa kuvua usiku, na alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 kambi ya kijeshi ya Manda Bay ikavamiwa, Wamarekani watatu wakafa hapo hapo ng'ambo ya maji. Kwetu jeshi si ngoma na bendera za sikukuu.

Babake anasema ni somo tu, limechukua nafasi ya kipindi cha michezo. Mimi nauliza: ndiyo ameshaandikishwa? Akimaliza skuli watamchukua? Bunduki wanashika? Na mtandio wake je?

KadetiWaZamani (Mombasa)
Waalaykum salaam mamangu, pole sana. Mimi sekondari nilisoma Virginia na JROTC nilikaa miaka mitatu, kwa hiyo nakwambia niliyoyaona.

Mwanao hajaandikishwa popote. JROTC ni mafunzo ya kadeti ndani ya skuli za sekondari, yamewekwa kisheria tangu 1916. Mwanafunzi hali kiapo cha jeshi wala hatii sahihi ya kutumikia. Jeshi la Marekani halimchukui aliye chini ya miaka 17, na huyo wa 17 lazima mzazi akubali kwa maandishi. Akimaliza skuli anakwenda zake chuo, kazini, popote apendapo.

Babake amesema kweli kuhusu michezo. Huko Texas JROTC inaruhusiwa kuhesabiwa badala ya somo la mazoezi ya mwili, ndiyo maana wengi huchukua.

Sasa mambo yenyewe yalivyo. Ni kipindi kama hesabu au sayansi, na walimu ni wanajeshi waliostaafu. Watoto wengi huingia wakidhani ni kuruka na kutambaa, kumbe muda mwingi ni darasani: uongozi, historia, uraia, huduma ya kwanza, kusoma ramani na dira, kusimama mbele ya wenzako ukazungumza bila kutetemeka. Hili la mwisho ndilo lililonisaidia mimi kuliko yote, maana nilifika kule Kiingereza kinanikwama kooni. Mazoezi yapo, kukimbia na pushapu, lakini si kila siku.

Siku moja kwa wiki ni ya sare. Hiyo rula uliyoiona ndiyo yenyewe! Beji ina kipimo chake, na ukingo wa shati, bizimu ya mkanda na zipu ya suruali lazima vishuke mstari mmoja. Anayekukagua mara nyingi ni mwanafunzi mwenzako aliyekuzidi cheo. Mimi nilikatwa alama kwa uzi mmoja uliochomoza mfukoni, na tangu siku hiyo mpaka leo sivai shati kabla ya kuligeuza nikalitazama. Sare yenyewe ni ya kuazimwa. Ikipotea mzazi hudaiwa, mwambie babake aiangalie.

Kuhusu bunduki: za gwaride hazifyatui. Skuli nyingine zina timu ya shabaha, wanatumia bunduki za upepo zenye vichembe vya risasi, mita 10, baada ya kufunzwa usalama. Hiyo ni timu ya anayetaka, na mzazi anaweza kusema hapana. Asiyetaka ana gwaride, ana kubeba bendera siku za mechi, ana kazi za kujitolea mtaani.

UmmuPate
Dada, la mtandio lisikunyime usingizi. Mwaka 2011 kulikuwa na binti wa Kiislamu kule Tennessee, akaambiwa avue hijabu ndipo aandamane na wenzake kwenye gwaride. Hakukubali, akajitoa. Baraza la CAIR, la Waislamu wa Marekani, likalichukua jambo lake mpaka juu, na mwaka huo huo Jeshi la Nchi Kavu likabadilisha utaratibu: makadeti wasichana wavae hijabu, na wavulana wa Kisikh vilemba vyao. Mwanao anavaa kwa haki aliyopiganiwa na mtoto mwenzake.

Lakini babake asikae nyumbani akangoja. Aende skuli azungumze na mwalimu wao mapema, na la Ramadhani pia alitaje, maana kukimbia mchana wa jua la Texas na funga ni mtihani. Aulize na kuhusu dansi lao la usiku la kila mwaka, wanalivalia sare rasmi. Wewe ndiye mama, useme unaloliridhia.

BahariKuu (Malindi)
Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Mtoe.

Hakuna anayesema ameandikishwa. Lakini samaki mkunje angali mbichi, na jeshi linalijua hilo vizuri. Mtoto wa miaka 14 akipewa cheo, akapewa beji, akasifiwa mbele ya watu, akifika 18 moyo wake uko wapi? Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilichunguza mpango huu. Likakuta skuli, nyingi zenye wanafunzi wengi wasio Wazungu na wa kipato cha chini, zilizokuwa zikiwaingiza watoto wa mwaka wa kwanza bila wao kuchagua. Likakuta pia walimu wasiopungua 33 walioshtakiwa kwa miaka mitano kwa makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi. Hao ni watoto wa watu. Huyu wako yuko mbali na mamake, babake yuko kazini. Nani anamwangalia jioni mazoezi yakiisha?

KadetiWaZamani (Mombasa)
BahariKuu, sikupingi. Mimi mwenyewe nilikuwa na mwalimu mmoja ambaye kila wiki alinisukuma nikamwone ofisa wa kuandikisha. Mwingine wa skuli hiyo hiyo alinisaidia kujaza fomu za chuo na hakunitajia jeshi hata siku moja. Inategemea sana umeangukia mkono wa nani.

Mamangu, hapa pana jambo ambalo wazazi wengi wageni hawaambiwi. Sheria ya Marekani inazitaka skuli za sekondari zinazopokea fedha za serikali kuu ziwape waandikishaji wa jeshi majina, anwani na namba za simu za wanafunzi, wawe JROTC au wasiwe, ila mzazi akikataa kwa barua. Hiyo barua babake aiandike wiki hii. Na kuna mtihani wa jeshi unaitwa ASVAB, huja skulini kama wa kupima vipaji vya kazi. Skuli inaweza kuagiza matokeo yasipelekwe kwa waandikishaji. Aulize kabla mtoto hajakalia kiti.

Pia ujue, anayemaliza miaka yake ya JROTC kisha akajiunga na jeshi mwenyewe huanza na cheo cha juu kidogo na mshahara wake. Utasikia hilo likitajwa tajwa. Ni kweli, ila si deni.

MwlMstaafu (Lamu)
Mwanangu MamaLangoni, nimeongoza skauti hapa kisiwani miaka mingi, nikawaona watoto waliokuwa wanajikunyata nyuma ya mlango wakatoka mbele. Nakuuliza moja tu. Katika siku hizi nne umeuliza babake, umetuuliza sisi. Yeye mwenyewe umemuuliza kama alichagua au aliwekwa? Mtoto aliye peke yake nchi ya watu anaweza kuwa amekuta hapo ndipo mahali pa kwanza wanapomwita kwa jina. Au anaweza kuwa anaogopa kusema hataki. Ukisikiliza sauti yake utajua, wewe umemzaa.

MamaLangoni (Lamu)
Allah awalipe kheri nyote. Nimempigia jana, nikamwomba babake atoke chumbani.

Ni kweli aliwekwa. Ratiba ilitoka na jina lake limo. Lakini kanambia wiki ya pili aliambiwa anaweza kubadilisha, akakataa. Nikamuuliza kwa nini. Akanyamaza, kisha akanambia, "Mama, kule kwengine kote nakula peke yangu." Nililia baada ya kukata simu, si mbele yake.

BahariKuu, maneno yako nimeyaweka moyoni. Nimemwambia mwanangu hakuna mwalimu wa kumfungia mlango peke yake, hakuna mwalimu wa kumwandikia ujumbe usiku, na akiona jambo anipigie saa yoyote, hata huku iwe alfajiri. Timu ya shabaha nimesema hapana, akakubali bila ubishi. Babake amebadilisha zamu ili amchukue mwenyewe Alhamisi, siku wanayobaki kwa gwaride. Barua kaiandika, kanitumia picha yake ikiwa na muhuri wa skuli.

Mtandio, mwalimu wao, meja, kasema uwe mweusi mtupu, usiwe na nakshi wala ung'ae. Alionao wote una maua. Nimepita madukani hapa Langoni nimepata miwili ya pamba, nimeikunja. Kama kuna anayesafiri kwenda Houston mwezi huu, naomba aniandikie faraghani.