Ulinganisho: magugu, mboga za dukani au peleti kwa kobe wa nyumbani?

Gamba_Jipya (mleta mada)

Wanajamvi, naomba mchango wenu. Nimekabidhiwa kobe wa Hermann aliyekomaa, ambaye kwa mmiliki wake wa awali alilishwa letusi na nyanya karibu kila siku. Maelekezo niliyoyasoma yanapingana: wapo wanaosema apewe magugu pekee, wapo wanaoona mboga za majani tunazokula sisi zinafaa, na wengine wanadai kwamba peleti za kobe (chakula kikavu cha vipande vidogo kinachotengenezwa kiwandani) zinatosha kwa kuwa virutubisho vyake vimeshapimwa. Ningependa tuzilinganishe njia hizi tatu kwa nyuzinyuzi, kalsiamu na upatikanaji wake mwaka mzima, ili nijue ipi iwe msingi na ipi iwe nyongeza.

Mlinzi_wa_Bustani

Umefanya vyema kutaja aina ya kobe wako, kwa sababu sehemu kubwa ya ushauri unaopingana hutokana na watu kuzungumzia kobe tofauti kana kwamba wote ni wamoja. Sulkata (kobe mkubwa wa Afrika) na kobe chui ni walaji wa nyasi, na kwao nyasi mbichi na kavu ndizo zinazopaswa kuchukua nafasi kubwa zaidi. Kobe wa miguu myekundu wa Amerika Kusini hula pia matunda yaliyoanguka, uyoga na hata mizoga. Ilhali kobe wa Hermann na jamaa zake wa pwani za Mediterania huishi kwa magugu yenye majani mapana.

Kwa huyo wako, basi, msingi uwe magugu: dandelioni, mchunga, plantago, klova kwa kiasi, majani ya mforosadi na ya mzabibu, pamoja na maua ya haibiskasi na waridi ambayo hayajapuliziwa dawa. Mpungate nao una kalsiamu nyingi, ila miiba yake iondolewe, hasa ile midogo kama unywele ambayo haionekani mpaka uinamishe kipande kwenye mwanga. Usichume kando ya barabara wala palipopigwa dawa ya kuua magugu.

Nyuzinyuzi si suala la kujaza tumbo tu. Chakula cha kobe huchachushwa na bakteria katika utumbo mpana, na bakteria hao huhitaji nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo. Ndiyo maana matunda ya mara kwa mara humharisha kobe wa Hermann, ingawa huyakimbilia kwa furaha.

Nyuzinyuzi_Kwanza

Naunga mkono, na naomba niongeze upande wa madini. Lengo ni kalsiamu iwe angalau maradufu ya fosforasi. Gramu 100 za majani mabichi ya dandelioni zina takriban miligramu 187 za kalsiamu na 66 za fosforasi, wakati nyanya ina karibu 10 za kalsiamu na 24 za fosforasi. Kobe aliyezoeshwa nyanya anakula uwiano uliopinduka.

Hata hivyo, tarakimu peke yake hupotosha. Ukisoma jedwali, spinachi ina miligramu 99 kwa 49, uwiano unaoonekana mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba imejaa oksalati zinazoishika kalsiamu hiyo isifyonzwe. Kabichi na jamaa zake zina vitu vinavyoweza kuathiri tezi ya shingo vikiliwa kila siku, lakini mara mojamoja katika mchanganyiko havina neno. Letusi ile ya mviringo iliyofungamana ni maji zaidi kuliko chakula.

Kwa hiyo mboga za dukani ni za kuzibia pengo. Nijuavyo mimi, aina nyingi hazimaanishi letusi za rangi tatu kwenye sahani moja, bali mimea ya jamii mbalimbali inayobadilishwa kwa zamu.

Kobe_Mzee

Mimi nitazitetea peleti kidogo, maana zinasingiziwa sana. Peleti nzuri, yenye viungo vya nyasi na nyuzinyuzi nyingi kwa mujibu wa maelezo ya pakiti, ni akiba muhimu majira ambayo bustani haina kitu. Zilowekwe kwanza mpaka zilainike, na zichanganywe na majani. Zikiwa chakula pekee, hata hivyo, kobe hukua haraka kupita kiasi, na mdomo wake hurefuka kwa kukosa cha kung'ata. Chakula cha mbwa au paka kisitumike kabisa, kwa kuwa protini hiyo ya nyama huzielemea figo za mla majani.

Vinundu vinavyoinuka juu ya gamba, wengi husema husababishwa na protini pekee. Utafiti wa Wiesner na Iben uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa kwa sulkata wachanga, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ulichangia kuliko kiasi cha protini. Chakula kizuri ndani ya sanduku kavu hakitamnyoosha gamba.

Gamba_Jipya

Ninawashukuru. Shida yangu ni kwamba nikimwekea dandelioni huigeuzia kisogo, na nikichanganya huchambua vipande vyekundu na kuacha vingine vyote. Je, nisubiri njaa imlazimishe?

Nyuzinyuzi_Kwanza

Kobe mzima mwenye afya hadhuriki kwa kukaa siku moja bila kula, lakini kuna njia ya upole zaidi. Katakata magugu laini kabisa, kisha uyasugue kwa nyanya kidogo iliyopondwa ili harufu na unyevu vishike kila jani na asipate kipande cha kuchambua. Punguza nyanya taratibu hadi uiondoe, huku ukiongeza ukubwa wa vipande vya majani. Akiendelea kukataa kila kitu kwa siku kadhaa, hilo si suala la ladha tena. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewafahamu reptilia.

Mlinzi_wa_Bustani

Nyunyizia unga wa kalsiamu kabonati usio na fosforasi mara chache kwa wiki, na uache mfupa wa ngisi autafune apendapo. Yote hayo hayafui dafu bila mwanga wa UVB (miale ya jua inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D3), kwani bila vitamini hiyo mwili hauifyonzi kalsiamu ipasavyo, na kioo cha dirisha huuzuia mwanga huo. Umwogeshe pia katika maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni, na uangalie uchafu mweupe unaotoka na mkojo: ukiwa laini kama dawa ya meno hana shida ya maji, ukiwa na chembe ngumu amekaukiwa.

Kobe_Mzee

Nyongeza moja, mleta mada, kwa kuwa uligusia mwaka mzima. Ikiwa utamwacha alale usingizi wa baridi, msimamishie chakula wiki 2 hadi 4 kabla, ukiendelea kumwogesha, kwa maana kinachobaki utumboni huoza mwili unapopoa. Anapoamka hupewa maji kwanza, na majani hufuata mwili wake ukishapata joto.