Vimulimuli: mti wa ukoo wa COI haupatani na jeni ya kiini. Nimekosea wapi?

mulimuli

Wakuu, nina mifuatano ya COI (jeni ya mitokondria ya kutambulia spishi) ya vimulimuli 24: Photinus, Photuris, Luciola, Pyrocoelia, na mabuu kadhaa ambao bado hawajatambuliwa. Rhagophthalmus mmoja na Lycidae wawili, mbawakavu wa familia nyingine, nimewaweka wa kulinganishia. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) ni LCO1490 na HCO2198, kipande cha besi 658 baada ya kukata ncha. Haya ndiyo hayakai sawa:

- nikitafsiri kuwa protini, kila mfuatano una kodoni za kusimamisha (besi tatu zinazokatisha protini);
- mabuu wawili hifadhidata ya GenBank inasema ni konokono;
- jike mmoja wa Photuris anafanana na Photinus kwa asilimia 99;
- mti wa COI unamweka Rhagophthalmus katikati ya vimulimuli, ilhali jeni ya kiini (CAD) inamtoa nje.

DNA nilichota kwa kusaga mdudu mzima. Je, niachane na COI nibaki na CAD peke yake?

mbawakavu

Usitupe kitu. "Kusaga mdudu mzima" kunajibu maswali mawili kati ya manne.

Buu wa kimulimuli hula konokono na koa. Ukimsaga mzima umesaga na mlo wake, na praima hizo za mwaka 1994 zilitengenezwa zinase wanyama wengi wasio na uti wa mgongo, kwa hiyo konokono hazimbagui. Photuris ni kisa hicho hicho: jike huiga mmweko wa jike wa Photinus, dume akija analiwa. Mfuatano ulioupata si wa uongo, ni wa marehemu.

Rudia kwa mguu. Mdudu aliyekomaa, mguu mmoja au miwili inatosha. Buu, chukua yote sita. Tumbo usiliguse. Ethanoli iwe ya asilimia 96, na uibadilishe baada ya siku moja kwa sababu maji ya mwilini huizimua. Proteinezi K kwenye nyuzi 56 usiku kucha, kisha toa DNA kwa mikrolita 40, si 200. Mguu una DNA kidogo, ukiizimua utalalamika bure kwamba PCR (unakili wa DNA) imegoma.

PCR ya mikrolita 25: DNA mikrolita 2, kila praima 0.4 µM, MgCl2 2 mM, BSA 0.2 µg kwa mikrolita (rangi ya gamba huzuia polimerezi, BSA inaisaidia). Nyuzi 94 kwa dakika 2. Mizunguko 35 ya 94 sekunde 30, 48 sekunde 40, 72 dakika 1. Umalizie 72 kwa dakika 5. Usishuke hadi 42 ili tu upate mstari kwenye jeli. Utaupata, ila hutajua ni wa nani. Na kila kundi la kuchota DNA liwe na mrija mmoja usio na mdudu, unaopita hatua zote pamoja na mingine.

Kodoni_3

Kodoni za kusimamisha kwenye *kila* mfuatano: unatumia jedwali la kwanza la kodoni, lile la kawaida. Mitokondria za wadudu husomwa kwa jedwali la 5. Humo TGA ni triptofani, ATA ni methionini, AGA na AGG ni serini.

Halafu fremu, yaani kodoni zianze kusomwa besi ipi. Kipande cha 658 kinaanzia kwenye besi ya mwisho ya kodoni, kwa hiyo ruka besi ya kwanza. Zinabaki 657, kodoni 219 kamili. Mwanzo wake kwa wadudu wengi huwa hivi:

A ACA TTA TAT TTT ATT TTT GGA ATT TGA

yaani T-L-Y-F-I-F-G-I-W. Hiyo TGA ya tisa ndiyo inayokugonga: jedwali la kwanza linaiona kama kituo.

mulimuli

Asante mkuu, karibu zote zimesafishika. Zimebaki mbili za Pyrocoelia: zina TAA katikati hata kwa jedwali la 5, na kromatogramu (mchoro wa usomaji wa besi) ina vilele viwili sehemu kadhaa.

Kodoni_3

Hiyo sasa inanukia nakala ya mitokondria iliyohamia kwenye kiini. Ikishafika huko hailindwi tena na kazi, inaoza polepole: vituo katikati, besi moja imeongezeka au imepotea. Itofautishe na uchafu wa mlo: nakala ya kiini huangukia karibu na jenasi ile ile, mlo huangukia mbali.

Usichague kilele kirefu ukajifanya hujaona kifupi. Chota upya kwenye misuli ya kifua cha dume, ina mitokondria nyingi, halafu tumia praima Jerry na Pat (karibu besi 830, kuanzia katikati ya COI hadi tRNA ya leusini). Ila kumbuka: kipande hicho kinaanzia pale cha kwanza kinapoishia. Ukiviweka kwenye mpangilio mmoja, sampuli mbili zenye vipande tofauti hazina hata safu moja ya kulinganishwa, na mti utaziweka popote unapotaka.

Nyuzi_Mbili

Kuhusu Rhagophthalmus. COI ya besi 658 ni nzuri kwa spishi na jenasi. Kwa familia haina nguvu: nafasi ya tatu ya kodoni imeshabadilika mara nyingi hadi alama ya ukoo imefutika, na mitokondria za wadudu zimejaa A na T, hivyo nasaba mbili zenye A na T nyingi huvutana hata kama si ndugu. Jaribu mambo mawili kwanza: ondoa nafasi ya tatu, au igeuze kuwa R (A au G) na Y (C au T), kisha jenga mti wa asidi amino. Kwenye programu ya IQ-TREE tenganisha nafasi za kodoni, na tawi uliamini likifika vipimo vya uthabiti UFBoot 95 na SH-aLRT 80 *kwa pamoja*. Nina hakika tawi lako la Rhagophthalmus halifiki.

Usitumie taa kama ushahidi wa undugu pia. Jenomu za Photinus pyralis, Aquatica lateralis na Ignelater luminosus zilizotoka 2018 zinaonyesha kuwa lusiferezi (kimeng'enya cha mwanga) ya vimulimuli na ile ya Elateridae wanaong'aa zilizuka kila moja kivyake.

Hata ndani ya spishi, COI na CAD zina haki ya kugombana. Mitokondria hurithiwa kwa mama, na jike wa Pyrocoelia haruki. Dume huruka na kusambaza jeni za kiini, mitokondria zinabaki bondeni. Basi COI itakuonyesha mipasuko mirefu ambayo CAD haina. Hali ya kinyume, spishi mbili kushiriki COI ile ile, pima Wolbachia (bakteria anayerithiwa kwa mama kama mitokondria) kwa jeni yake ya wsp kabla hujaziunganisha.

mbawakavu

Nakubali, ila kwa swali la familia mimi ningeacha kuhangaika na COI na kwenda mitokondria nzima: jeni 37, 13 kati yake za protini. Gigabesi 2 hadi 3 za vipande vya besi 150 kwa sampuli, uviunge kwa GetOrganelle, kisha utambue jeni kwa MITOS2 ukiiwekea jedwali la 5.

Ukifika Pyrocoelia kuwa macho. Mitokondria ya P. rufa ina besi 17,739, na humo kuna eneo lisilo na jeni la besi 1,724: marudio 12 ya besi 134 yanayofanana kabisa, na moja pungufu la 116. Kipande cha 150 kinazidi rudio moja kwa besi 16 tu, kwa hiyo programu huyakunja yote kuwa moja au mawili na kukuletea duara zuri la mitokondria lenye urefu wa uongo. Rudisha vipande juu ya duara uangalie kina (vipande vingapi vimeangukia kila mahali): kama kwingine ni 200 na hapo kinapanda ghafla hadi elfu mbili na zaidi, limekunjwa. Urefu halisi utaupata kwa PCR inayovuka eneo lote au kwa vipande virefu. Kwa mti wenyewe haidhuru, eneo hilo unalikata.